Fimbo Nyuma ya Mlango: Janga la Korona na Historia ya Kuwachapa Watoto Nyumbani

Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitoa amri ya namna hiyo Tanzania. Uganda nayo ikafunga shule zake tarehe 20. Katika muda usiofika juma moja, mamilioni ya watoto wa Afrika Mashariki walikusanya madaftari yao wakarudi nyumbani, na hapakuwa na mtu aliyejua wangekaa huko muda gani. Wanafunzi wa Tanzania walikaa hadi mwisho wa Juni. Wengi wa Kenya walikaa hadi Januari 2021, na wengi wa Uganda hadi Januari 2022.

Ndani ya amri hizo kulikuwa na dhana moja ambayo haikuandikwa popote, nayo ni kwamba nyumbani ni mahali salama. Kuhusu kirusi, dhana hiyo ilikuwa na hoja. Lakini mtoto hakabiliwi na kirusi peke yake. Katika nchi zetu, mkono unaompiga mtoto mara nyingi ni mkono uleule unaomlisha, na hilo lilijulikana kwa tarakimu muda mrefu kabla ya korona. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa 2011 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18: kupigwa ngumi, teke, mijeledi, au kutishiwa silaha. Waliotajwa zaidi kuwa wapigaji ni jamaa na walimu. Utafiti wa Kenya wa 2010 ulitoa picha isiyotofautiana sana: asilimia 66 ya wasichana na 73 ya wavulana.

Kwa hiyo tulipowafungia watoto ndani, hatukuwa tunabahatisha juu ya kitu tusichokijua. Makala haya yanauliza mambo mawili. Fimbo hiyo iliyokuwa ikingoja nyuma ya mlango ilitoka wapi? Na janga la kuambukiza hufanya nini linapoikuta?

Adabu na adhabu

Tuanze na lugha, kwa kuwa lugha ndiyo ghala la historia yetu. Maneno adabu na adhabu yanafanana kwa sauti, na wengi hudhani yana shina moja. Sivyo. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini kwa mizizi tofauti. La kwanza lina maana ya mwenendo mwema, malezi, hata elimu ya mtu aliyestaarabika. La pili lina maana ya mateso. Kiswahili kimeyasogeza karibu hadi tunaposema mtoto ametiwa adabu, msikilizaji anaelewa kuwa amechapwa. Neno la malezi limebeba maana ya neno la mateso, nasi tumezoea kiasi cha kutoshtuka.

Methali nazo zimepatwa na hali hiyohiyo. Kila mjadala wa viboko ukizuka, atatokea wa kutukumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba samaki mkunje angali mbichi. Lakini tuzisome kwa makini. Mtoto hulia anapoachishwa ziwa, anaponyimwa kisu alichokishika, anapozuiwa kwenda mtoni. Methali inamtaka mzazi astahimili kilio hicho. Haisemi kilio kiletwe kwa bakora. Samaki naye hukunjwa taratibu kwa mkono, kwani ukimpiga atapondeka. Busara iliyomo humo ni ya uthabiti na ya kuwahi. Fimbo tumeitia sisi wasomaji.

Hata hivyo tusijenge paradiso ambayo haikuwapo. Si kweli kwamba kabla ya wageni hapakuwa na mtoto aliyechapwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani pwani alikuwa na bakora yake, na katika jando la jamii nyingi maumivu yalikuwa sehemu ya somo. Wamisionari nao walikuja na Kitabu cha Mithali, wakakisoma upande wa fimbo zaidi ya upande wa hekima. Tofauti iliyoletwa na ukoloni ni kwamba fimbo ilipewa daftari, idadi na mhuri wa serikali.

Namna kiboko kilivyoshuka ngazi

Aprili 1896 Chansela wa Ujerumani alitoa amri ya kusimamia adhabu katika makoloni ya Afrika, Afrika Mashariki ya Kijerumani ikiwamo. Viboko visizidi 25 kwa mara moja. Waarabu na Wahindi wasichapwe. Mwafrika ndiye aliyelazwa chini. Amri iliyodaiwa kuwa ya kupunguza ukatili iliugeuza kuwa utaratibu wa kila siku, na wenyeji wakauhifadhi katika msemo wa hamsa ishirini. Neno kiboko lenyewe, ambalo asili yake ni jina la mnyama wa majini, likahamia kwenye mjeledi uliokatwa kutoka katika ngozi yake, kisha likahamia kwenye kila pigo la fimbo. Leo mtoto wa darasa la pili anaposema amekula viboko vitatu, anatamka historia ambayo hajafundishwa.

Waingereza walipochukua nchi hawakukitupa kiboko. Kiliendelea kutumika mahakamani, gerezani na shuleni. Uhuru nao haukukizika. Sheria ya Tanganyika ya adhabu za chini ya mwaka 1963 iliweka viboko 24 kwa makosa kama rushwa na wizi wa mali ya umma, 12 mfungwa anapoingia na 12 anapotoka. Wazee bado wanasimulia kwa kicheko kwamba vile vya kutokea vilikuwa vya kwenda kumwonyesha mkewe. Kicheko hicho kina somo zito: adhabu ya serikali ilikusudiwa ifike hadi nyumbani.

Shuleni, viboko viliruhusiwa na kanuni za mwaka 1979, na baadaye zile za 2002 ziliruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye, na viandikwe daftarini. Kila aliyesoma katika shule zetu anajua umbali uliopo kati ya kanuni hiyo na ua wa shule saa moja asubuhi. Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi huko Bukoba alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu, na taifa likalia. Lakini Oktoba 2019 mkuu wa mkoa wa Mbeya aliwachapa mbele ya kadamnasi wanafunzi 14 wa sekondari wilayani Chunya, na Rais Magufuli akamuunga mkono. Kilio cha Bukoba kilikuwa kimedumu mwaka mmoja na miezi miwili.

Nayaeleza haya kwa sababu mzazi hajifunzi kuchapa peke yake. Anaiona fimbo ikitumiwa na kila mwenye mamlaka aliye juu yake: askari, mwalimu, mkuu wa mkoa. Kila mmoja humshushia aliye chini yake, na aliye chini kabisa ya ngazi hiyo ni mtoto. Hiyo ndiyo nyumba iliyofungwa mlango Machi 2020.

Onyo lililotoka Freetown

Tulikuwa na mfano wa karibu. Ebola ilipoenea Afrika Magharibi mwaka 2014, shule za Guinea, Liberia na Sierra Leone zilifungwa kwa miezi mingi. Za Sierra Leone zilifunguliwa tena tarehe 14 Aprili 2015. Wasichana wengi walirudi wakiwa wajawazito, au hawakurudi kabisa. Serikali ya Sierra Leone iliwajibu kwa kuwapiga marufuku darasani wale ambao mimba zao zilionekana, na marufuku hiyo ilidumu hadi Machi 2020, baada ya Mahakama ya ECOWAS kuihukumu kuwa ni ubaguzi. Angalia tarehe hiyo. Mwezi ambao Freetown ilikuwa inalifunga jeraha la janga lililopita, sisi tulikuwa tunafunga shule zetu kwa ajili ya janga jipya.

Mafunzo ya Ebola yalikuwa mawili. La kwanza ni kwamba shule, pamoja na kasoro zake zote, ni ukuta mmojawapo wa kumkinga mtoto, na ukuta huo ukiondolewa kuna watakaoingia. La pili halikuzungumzwa sana. Mimba ilihesabika kwa sababu ilionekana. Alama za mkanda mgongoni hupona katika wiki mbili, na shule hufunguliwa baada ya miezi. Kipigo ni madhara ya janga ambayo hayamngoji mtafiti.

Mlango ulipofungwa

Turudi 2020. Kenya iliweka kafyu kuanzia tarehe 27 Machi. Siku hiyohiyo ya kwanza, katika kivuko cha Likoni, polisi waliwapiga virungu na kuwatupia mabomu ya machozi wasafiri waliokuwa wakihangaika kuwahi nyumbani. Siku chache baadaye, Nairobi, mvulana wa miaka 13 aliyekuwa roshanini mwa nyumba yao aliuawa kwa risasi polisi walipokuwa wakisimamia kafyu. Tarehe 1 Aprili Rais aliomba radhi kwa ukatili huo. Radhi ilikuwa njema, lakini somo la kwanza la afya ya umma lilikuwa limekwisha kutolewa, na lilitolewa kwa rungu: asiyetii hupigwa kwa faida yake mwenyewe. Mzazi wa Mathare au wa Kisauni aliyesikia hoja hiyo hakuhitaji kufundishwa namna ya kuitumia ndani.

Fikiria sasa mazingira yenyewe. Chumba kimoja cha kupanga, watu sita, kibarua kimesimama, mwenye nyumba anagonga. Mtoto ambaye kwa kawaida alikuwa shuleni kuanzia alfajiri hadi jioni, na pengine alikula huko, sasa yumo ndani mchana kutwa na anataka kula. Mama amegeuzwa mwalimu wa masomo ya redioni bila kufundishwa kazi hiyo. Makosa mapya yamezaliwa: kutoka nje kucheza, kukaribia watu, kumaliza maji ya kunawa, kuharibu vocha ya simu. Mambo yaliyokuwa utoto wa kawaida mwezi wa Februari yamekuwa hatia mwezi wa Aprili. Na kwa binti aliyevunja ungo, hofu ya mimba inampa mzazi sababu nyingine ya kushika mkanda.

Tanzania ilikwenda njia tofauti. Haikuweka kafyu wala karantini ya nchi nzima, na shule zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Shinikizo la njaa na msongamano halikuwa sawa na la Nairobi. Lakini kulikuwa na tatizo la upande wa pili: wazazi waliendelea kwenda sokoni na shambani, watoto wakabaki chini ya kaka, dada, au jirani, yaani chini ya mikono ambayo nayo ilikuwa imelelewa kwa fimbo.

Haki inatutaka tuseme pia upande mwingine. Kwa mtoto aliyesoma katika shule ya viboko vya kila asubuhi, kufungwa kwa shule kulikuwa pumziko. Na ziko nyumba ambamo baba, kwa mara ya kwanza, aliketi na mwanawe mchana na kumfahamu. Janga halimgeuzi kila mzazi kuwa katili. Hufanya kazi kama mvua kubwa juu ya paa: halitoboi bati zima, bali huonyesha palipokuwa pamekwisha kuoza.

Kimya cha takwimu

Mtumishi wa umma atauliza, na ana haki: tarakimu ziko wapi? Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote ya somo hili. Katika miezi ile, taarifa za watoto kupigwa zilipungua katika nchi nyingi zenye mifumo mizuri ya kuhesabu. Katika jimbo la Florida, Marekani, wanauchumi waliochunguza taarifa zilizopokelewa na idara ya watoto waligundua kuwa Machi na Aprili 2020 zilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 27 kuliko ilivyotarajiwa. Hawakuhitimisha kwamba wazazi wamekuwa wapole. Walihitimisha kwamba mwalimu, ambaye ndiye mtoa taarifa mkubwa, alikuwa haonani na mtoto.

London ilitoa ushahidi wa upande wa pili. Katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, kati ya tarehe 23 Machi na 23 Aprili 2020, waliletwa watoto wachanga 10 wenye majeraha ya kichwa yaliyodhaniwa kutokana na kutikiswa au kupigwa. Kwa kipindi kama hicho katika miaka mitatu iliyotangulia, wastani haukufika hata mtoto mmoja. Ni hospitali moja na idadi ndogo, kwa hiyo tusiipe uzito usio wake. Lakini ukiziweka taarifa za Florida na wodi ya London bega kwa bega, unaelewa mantiki yake: simu za kuripoti zikikaa kimya, miili huanza kusema.

Kwetu kimya hicho kilikuwa kizito zaidi. Tanzania iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa wa korona mwaka 2020, ikiwa wagonjwa 509. Nchi iliyoacha kuwahesabu wagonjwa hadharani ingewezaje kuwahesabu waliochapwa sirini? Kenya ilijitahidi zaidi. Tarehe 1 Aprili 2020 Jaji Mkuu David Maraga alieleza kwamba makosa ya kingono yalifikia asilimia 35.8 ya kesi zilizoripotiwa katika wiki mbili zilizotangulia, na kwamba baadhi ya watuhumiwa walikuwa jamaa na walezi. Kosa hilo ni tofauti na kuchapa, na tusiyachanganye, ila mlango ni uleule na ufunguo unashikwa na watu walewale. Tarehe 6 Julai Rais aliagiza kituo cha taifa cha utafiti wa uhalifu kichunguze ongezeko la ukatili wa kijinsia na mimba za utotoni. Kuchapwa kwa mtoto na mzazi wake hakukuwamo katika agizo hilo.

Wakati huohuo huduma zilikuwa zikiyumba. Agosti 2020 UNICEF ilitangaza kuwa kati ya nchi 136 zilizojibu maswali yake, 104 zilikuwa na huduma za kuzuia ukatili dhidi ya watoto zilizovurugika. Simu ya 116, ambayo mtoto anaweza kupiga bila malipo, ilikuwapo Kenya, Uganda na Tanzania. Lakini mtoto hupiga kwa simu ya nani, akiwa chumba kimoja na anayemwogopa?

Neno dogo katika sheria

Watetezi wa fimbo husema kuikataza ni kuiga wazungu. Historia inasema kinyume. Kifungu cha adhabu ya kiasi, kinachompa mzazi kinga katika sheria nyingi zilizorithiwa kutoka Uingereza, kina mzizi wake katika kesi ya mwaka 1860 iliyosikilizwa huko huko. Mwalimu Thomas Hopley wa Eastbourne alimpiga mwanafunzi wake hadi akafa. Alitiwa hatiani, lakini jaji alieleza kwamba mzazi au mwalimu anaruhusiwa kumwadhibu mtoto kimwili ilimradi adhabu iwe ya wastani na ya busara. Maneno yaliyozaliwa juu ya maiti ya mtoto wa Kiingereza yalisafiri kwa meli hadi Mombasa na Dar es Salaam, nasi leo tunayaita mila zetu.

Kenya imekwenda mbali. Viboko shuleni viliondolewa 2001, na Katiba ya 2010, ibara ya 29, inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya kuchapwa. Hata hivyo Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa ikitambua haki ya mzazi kutoa adhabu ya kiasi, na ndiyo iliyokuwa vitabuni janga lilipoingia. Sheria mpya ilikuja 2022. Tanzania bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mateso, lakini kifungu cha 13 kinakataza tu urekebishaji usiolingana na umri na hali ya mtoto, yaani kinaacha mlango wazi kwa ule unaodaiwa kulingana. Nani atapima ulinganifu huo usiku wa kafyu, jirani akiwa amefunga dirisha kwa hofu ya ugonjwa? Sheria inayotegemea kipimo inahitaji shahidi, na janga humwondoa shahidi kwanza.

Kabla ya mlango kufungwa tena

Magonjwa ya mlipuko hayajatuaga. Kwa hiyo natoa mapendekezo manne kwa wale wanaosoma hapa wakiwa na kalamu ya serikali, au sauti ya mtaa.

Mosi, maofisa wa ustawi wa jamii wahesabiwe miongoni mwa watoa huduma muhimu tangu siku ya kwanza ya dharura, wapewe vibali vya kutembea kama wauguzi. Pili, mpango wowote wa kufunga shule uwe na mpango wa kumwona mtoto: mwalimu kupiga simu, mhudumu wa afya ya jamii kupita mlangoni, mjumbe wa nyumba kumi kujua nani hajaonekana. Tatu, unga na fedha taslimu ni ulinzi wa mtoto. Serikali inayofunga soko bila kulisha inaongeza idadi ya mikono yenye hasira. Nne, kifungu cha 13 na kanuni za viboko shuleni vifanyiwe marekebisho sasa, kipindi cha utulivu, maana kwenye dharura hakuna bunge lenye nafasi ya kufikiri.

Na kwa wazazi, maarifa yapo. Mwaka 2020 watafiti wa malezi wakishirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani walitayarisha vipeperushi vya ushauri, vikatafsiriwa kwa lugha zaidi ya mia moja, Kiswahili kikiwamo: kumpa mtoto dakika chache za peke yake kila siku, kumwambia unachotaka afanye badala ya kumpigia kelele kwa asichotakiwa, kutoka nje na kuvuta pumzi kabla ya kunyanyua mkono. Mambo hayo ni mepesi kuyasema redioni. Wizara zilizotangaza kila siku namna ya kunawa mikono zingeweza kuyatangaza pia.

Kizazi chetu kilichapwa, na wengi wetu tulio walimu na wazazi tumechapa. Tunapenda kusema tulichapwa tukawa watu. Huenda. Lakini watoto walioingia ndani Machi 2020 sasa ni vijana, baadhi yao wamo katika madarasa ya vyuo vyetu, na miaka si mingi watakuwa wazazi. Hakuna daftari lililoandika waliyoyapata katika miezi ile. Tuwaulize wangali wanakumbuka, na tuandike watakachotuambia.